Mafuta, petroli na oili: neno lipi katika msumeno wa mnyororo?

Mafuta ni miongoni mwa nomino zenye maana pana sana katika Kiswahili. Yapo mafuta ya kula, ya kupaka, ya taa, na yale yanayouzwa vituoni kwa ajili ya magari. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo haudhuru, kwa kuwa muktadha humwelekeza msikilizaji. Katika maelekezo ya msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso, upana huohuo unaweza kuharibu mashine.

Sababu ni muundo wa injini. Msumeno wa mnyororo unaotumia petroli kwa kawaida huendeshwa na injini ya mapigo mawili, yaani pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja katika kila mwako. Tofauti na injini ya gari, hii haina hifadhi ya oili ya kulainishia vyuma vyake. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa katika tangi, kisha huingia pamoja nayo ndani ya injini. Mbali na mchanganyiko huo, kuna oili ya mnyororo, nzito na yenye kunata, inayokaa katika tangi la pili. Vimiminika hivyo ni vitatu, na vyote huitwa mafuta.

Itazamwe sentensi hii: *Jaza mafuta kabla ya kuwasha.* Kisarufi haina kosa. Hata hivyo, msomaji aliyezoea bodaboda yenye injini ya mapigo manne ataielewa kama alivyozoea: atatia petroli tupu. Pistoni na silinda zitasuguana pasipo kilainishi, zitapata joto kupita kiasi, zitachubuka na mwishowe kushikana. Hapo fundi wa Tanzania atasema injini *imenoki*.

Kitenzi hicho cha mitaani kina kazi ambayo *kuzima* hakiwezi kuifanya. Injini iliyozima huenda ikawaka tena kwa kuvuta kamba. Iliyonoki hufunguliwa, na mara nyingi pistoni na silinda hubadilishwa. Katika maandishi rasmi, *kushikana kwa pistoni* hubeba maana hiyo kwa uwazi.

Kosa la upande wa pili ni oili kuzidi. Injini hutoa moshi mwingi, plagi hufunikwa na masizi, na kuwaka huwa kwa shida. Uwiano 50:1 usiachwe bila maelezo. Uandikwe kwa vipimo: *sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili*, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Pale ambapo mtengenezaji ametaja uwiano mwingine, kama 25:1, mfasiri aufuate: hapo oili huwa mililita 200 kwa lita 5 zilezile.

Utata huo hujitokeza pia wakati wa kueleza hitilafu. *Msumeno umeishiwa mafuta* huweza kumaanisha kwamba injini imezima kwa kukosa mchanganyiko, au kwamba injini inanguruma vizuri lakini mnyororo umekauka na chuma bapa kinachouongoza kinatoa moshi. Dalili ni mbili, matangi ni mawili, na dawa zake ni tofauti.

Neno *kilainishi* (wingi: *vilainishi*) husaidia kutenga oili na petroli, lakini halitoshi peke yake, kwani hujumuisha oili zote mbili.

Matumizi yanayopendekezwa

*Petroli*: kimiminika kinachowaka, kabla ya kuchanganywa.

*Oili ya injini ya mapigo mawili*: kilainishi kinachochanganywa na petroli.

*Mchanganyiko*: petroli iliyokwisha kutiwa oili. Mfano: *Tikisa dumu la mchanganyiko kabla ya kujaza tangi.*

*Oili ya mnyororo*: kilainishi cha mnyororo na chuma kinachouongoza. Mfano: *Kila unapojaza mchanganyiko, jaza pia oili ya mnyororo.*

*Mafuta*: litumike peke yake pale tu ambapo msomaji hawezi kukosea tangi. Katika maelekezo ya msumeno huu, nafasi hiyo ni nadra.