Sitini au tisini? Namna simu inavyochuja sauti kutoka sokoni Tandale

Wasikilizaji wetu wengi ni wakulima, na kwao Tandale si jina la mtaa tu wa Dar es Salaam. Ni soko. Mahindi, mchele na maharage yanayopakiwa kwenye malori mikoani hushushwa pale, wilayani Kinondoni, na bei ya pale ndiyo dalali anayekuja shambani huwa nayo kichwani hata kama hakwambii. Sasa tuseme mtu anapiga simu redioni kutoka sokoni, nyuma yake mashine ya kusaga inanguruma, anasema gunia la mahindi ni elfu sitini. Wewe kijijini unasikia tisini. Dalali akija na elfu hamsini unamfukuza kwa kudhani anakuibia, na lori linaondoka bila mzigo wako.

Sitini na tisini zinatofautiana kwa herufi mbili tu, s na t, zilizobadilishana viti. Bahati mbaya ni herufi ambazo simu inazionea. Sauti ni mtetemo wa hewa, na nguvu kubwa ya s iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida, hasa kitochi kwenye mtandao wa zamani, hupitisha mitetemo kuanzia kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Kilichozidi hapo kinakatwa. Kwa hiyo s haifiki, kinafika kivuli chake, na ubongo wako unajaziliza kwa kubahatisha. Ndiyo maana kwenye simu "amenifuta" na "amenisuta" ni kitu kimoja, na waliokulia uswahilini wanajua hayo mawili si ya kuchanganya.

Kinachokata sauti hivyo kinaitwa kichujio. Kazi yake ni kama ya chujio la chai: kinapitisha kimoja, kinazuia kingine. Zamani kichujio cha sauti kilikuwa nyaya na vipande vya umeme vilivyounganishwa. Siku hizi ni hesabu. Simu hupima sauti yako mara 8,000 kila sekunde na kila kipimo kinakuwa namba. Kichujio cha kidijitali ni kanuni ya kuchukua namba hizo na kutoa namba nyingine.

Tuchukue kanuni rahisi kuliko zote: kila mara toa wastani wa namba nne za mwisho. Ukitaka kujua kanuni hii inafanya nini, ipige kofi moja. Yaani ipe sifuri, sifuri, halafu 100, halafu sifuri tupu. Itajibu 25, 25, 25, 25, kisha inanyamaza. Jibu hilo mafundi wanaliita mwitikio wa kishindo. Ni sawa na kuingia darasa tupu lililoezekwa bati, ukapiga kofi moja na kusikiliza: mlio unaorudi ndio tabia ya darasa lile. Wallace Sabine alifanya kazi ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuanzia mwaka 1895. Alikuwa na ukumbi ambao mhadhiri hasikiki kwa sababu kila neno lilidumu zaidi ya sekunde tano kabla ya kufa. Alipima mlio ukififia, akawa anaingiza mito ya viti mingi zaidi na zaidi na kupima tena.

Kwa nini kofi moja litoshe kueleza kila kitu? Kwa sababu sauti yote, hata hotuba ya saa nzima, ni foleni ya vishindo vidogo, 8,000 kila sekunde, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Ukijua kichujio kinajibu nini kwa kimoja, unajua jibu la kila kimoja, na unayajumlisha yalivyopandiana. Sharti ni kwamba mashine isiwe na upendeleo: ukiongeza sauti mara mbili, jibu nalo liongezeke mara mbili. Ukipiga kelele hadi maikrofoni ikapasua sauti, sharti limevunjika na hesabu yote imeharibika.

Rudi kwenye ule wastani wa namba nne. Mtetemo wa 2,000 kwa sekunde unakamilisha duara moja ndani ya vipimo vinne hasa: juu, katikati, chini, katikati. Wastani wake ni sifuri, umekufa kabisa. Mtetemo wa chini, kama wa ngoma, haujabadilika sana ndani ya vipimo vinne, kwa hiyo unapita. Kumbe kanuni hii inaua sauti nyembamba na kuacha besi. Kuta za nyumba hufanya vilevile. Kigodoro kikipigwa mtaa wa pili, singeli yote ya Tandale inakufikia kitandani ikiwa "du, du, du", maneno hakuna.

Kutengeneza kichujio basi ni kuchagua namba za mwitikio huo, na kila uchaguzi una gharama. Umeme wetu Tanzania unapiga mara 50 kwa sekunde, na waya mbovu au chaja mbovu huingiza muungurumo kwenye sauti. Simu hukata ule wa 50 wenyewe, lakini unazaa watoto: 100, 150, 200, na kuendelea, na kuanzia 300 wanapita mlangoni. Dawa mojawapo ni hii: chukua kipimo cha sasa, toa kipimo kilichopita 160 nyuma. Vipimo 160 ni duara moja kamili la umeme, kwa hiyo muungurumo unajikuta unajitoa wenyewe, pamoja na watoto wake wote. Inapendeza. Ila mwitikio wake wa kishindo ni 100, kimya, halafu -100. Maana yake kila neno la mpigaji litafuatwa na mwangwi wake uliogeuzwa, naye atasikika kama anaongea ndani ya bomba. Ukiondoa kelele yote, umeharibu na mtu. Mafundi wazuri huondoa kiasi.

Halafu kuna jenereta. Nalo linatakiwa kutoa 50, lakini mtu akiwasha friji linazidiwa na kushuka, akizima linapanda. Kichujio kilichotegwa pa 50 kinabaki kinachunga zizi tupu. Kwa hali hiyo kunahitajika kichujio kinachojirekebisha chenyewe kila mara kwa kufuata kelele. Kanuni inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ilitolewa na Bernard Widrow na Ted Hoff mwaka 1960, na ukoo wake ndio unaofuta mwangwi unapoongea na simu ukiwa umeiweka spika.

Mpaka hapa nimeeleza vichujio vinavyojibu na kunyamaza. Kuna aina ya pili, inayolisha jibu lake yenyewe: chukua nusu ya jibu lililopita, jumlisha na sauti mpya. Ipige kofi la 100: itajibu 100, 50, 25, 12 na nusu, inafifia lakini kihesabu haifiki sifuri. Ni nafuu, kwa sababu kwa hesabu mbili tu unapata mkia mrefu. Hatari yake iko kwenye ile nusu. Iweke iwe moja na sehemu ya kumi, na jibu linakuwa 100, 110, 121, 133, linapanda mpaka mashine inapiga yowe.

Yowe hilo unalijua. Ukipiga simu studio ukiwa na redio yako imefunguliwa karibu, sauti yako inakwenda studio, inarushwa hewani, inatoka kwenye redio yako, inaingia tena kwenye simu. Wewe, redio yako na mitambo yetu mmekuwa kichujio kimoja cha aina ya pili. Kama kila mzunguko unarudi mdogo, tunasikia mwangwi. Kama unarudi mkubwa, ni mluzi wa kutoboa masikio. Tunapokuomba upunguze sauti ya redio hatukuonei wivu kujisikia, tunarudisha ile namba chini ya moja.

Mitandao ya sasa ya 4G inaweza kupitisha hadi mitetemo 7,000, na hapo s inaanza kufika. Lakini inahitaji simu zote mbili na mitandao yote miwili ikubali. Upande mmoja ukiwa kitochi, mnarudi wote kwenye 3,400. Na kwenye mtandao wa zamani kuna jambo la ziada: kila sekunde inakatwa vipande 50, na simu hairushi sauti yako ilivyo. Inarusha maelezo ya koo na mdomo wako vikiwa kama kichujio, pamoja na mapigo ya kukichochea. Simu ya upande wa pili inakujenga upya. Kwa njia hiyo biti 104,000 kwa sekunde zinakuwa 13,000. Mfumo huo umetengenezwa kwa koo la binadamu. Ukiulisha mashine ya kusaga, unajaribu kuieleza mashine kana kwamba ni mtu, na kinachotoka hakifanani na chochote.

Kelele ngumu kuliko zote ni mvua juu ya bati. Mwezi wa nne, Mto Ng'ombe ukijaa pale Tandale, ndipo watu wanapohitaji kutueleza njia ipi haipitiki, na ndipo tunapowasikia vibaya zaidi. Mvua haina mtetemo mmoja wa kuviziwa. Imetawanyika kote, ikiwemo mitetemo ileile ya maneno, na kichujio kilichotegwa mahali pamoja hakiwezi kuvitenganisha. Hapo msaada ni wako: sogea chini ya dari badala ya bati tupu, weka mdomo karibu na simu, ongea taratibu bila kupiga kelele. Na ukitaja bei, itaje mara mbili, mara ya pili kwa tarakimu: "elfu tisini, tisa sifuri". Tisa na sita nazo zinatofautiana kwa s na t zilezile, lakini kurudia kunampa msikilizaji nafasi ya pili, na sifuri inakuambia tarakimu imekwisha. Ukibaki na shaka, tutumie ujumbe mfupi wa maandishi. Huo haupiti kwenye kichujio cha sauti.