Sukari Iliyobaki Chini ya Kikombe

Niliingia boma lile la Port Victoria nikifuatilia sukari ya magendo kutoka Uganda. Kilichonishika ni kikombe.

Mhudumu wa afya ya jamii niliyeandamana naye hakuanza na mashine ya kupima sukari. Aliomba kikombe ambacho mzee mwenye boma alikuwa amekimaliza, akakiinamisha kuelekea mlangoni penye mwanga. Kilikuwa kikombe cha bati cheupe, ua lake jekundu limechubuka. Chini palikuwa na sukari isiyoyeyuka, imelala upande mmoja kama mchanga wa ufuoni, rangi ya majani ya chai. Alipoikwangua, kijiko kilijaa.

Kila nyumba, aliniambia, ukiuliza vijiko vingapi utajibiwa viwili. Mzee naye alijibu viwili, wala hakudanganya. Alitia viwili, akasahau, akatia viwili vingine. Mke wa mwanawe alimwona kila asubuhi. Lakini mkaza mwana atamwambiaje baba mkwe kwamba ameshatia?

Mashine ilisoma zaidi ya milimoli 11 kwa lita. Mhudumu akamwandikia barua ya kwenda hospitali akapimwe upya.

Swali lilinifuata hadi Busia mjini: sukari ndiyo iliyomla mzee kumbukumbu, au kumbukumbu iliyopungua ndiyo inayomlisha sukari? Watafiti wa Rotterdam walichapisha mwaka 1999 kwamba wazee wenye kisukari walikuwa na hatari karibu maradufu ya kupatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilikitaja kisukari miongoni mwa vihatarishi 14 vya maradhi hayo vinavyoweza kudhibitiwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na sukari ikizidi katika damu miaka mingi huchakaza mishipa midogo inayoulisha. Hata hivyo, hakuna aliyethibitisha kwamba chai tamu peke yake humsahaulisha mtu jina la mwanawe.

Mhudumu huyu, mmoja wa wale takriban 100,000 nchini Kenya waliogawiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023, anahofia zaidi vidonge. Kisukari humtaka mgonjwa akumbuke: amekula saa ngapi, amemeza kipi. Baadhi ya vidonge vikirudiwa, sukari hushuka ghafla, na ubongo uliokwisha kuchoka hunyimwa chakula. Mzee anayesahau kijiko atakumbuka kidonge?

Kabla ya kuondoka mhudumu alimwita mjukuu wa mzee, msichana wa darasa la tatu, akamkabidhi mkebe wa sukari. Mjukuu ana ruhusa ya utani. Yeye anaweza kumshika babu mkono, acheke, amwambie, "Babu, umeshatia!" Mzee alicheka pia, akauachia mkebe.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Nilimuuliza mhudumu ni nani atakayekaa na mkebe asubuhi hiyo. Alifunga mkoba wake, akamtazama mkaza mwana, naye akainamisha macho.