Kuitambua Baiskeli ya Askari wa Miavuli

Rangi ya kijani haitoshi kuthibitisha kwamba baiskeli kuukuu ilikuwa ya jeshi, kwani mtu yeyote aweza kuipaka. Ushahidi umo katika umbo, na kila umbo lina sababu yake.

Chukua mfano wa baiskeli ya kukunjwa iliyotengenezwa na kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mabomba ya fremu yake, la juu na la chini, yamepindwa hata fremu ikafanana na yai. Katikati fremu imekatwa na kuungwa kwa bawaba mbili, zikazwazo kwa nati zenye masikio ili zifunguliwe kwa vidole pasipo spana. Pedali ni vijiti vya chuma tu, viwezavyo kusukumwa ndani visichomoze baiskeli ikunjwapo. Iliposhushwa kwa mwavuli, usukani na kiti vilitangulia chini, ili magurudumu yasipinde kwa kishindo cha kutua. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Uingereza na Kanada waliotoka baharini walizibeba pia pwani ya Normandy, Ufaransa.

Hata hivyo, pedali huchakaa zikabadilishwa. Aidha, baada ya vita kampuni hiyohiyo iliuza baiskeli za watoto zenye fremu iliyopindwa vivyo hivyo, lakini isiyokunjika. Kwa hiyo mchunguzi makini hutazama bawaba kwanza, kisha pedali. Rangi huwa ya mwisho.