Linux: Jinsi ya kusuluhisha programu za biti 32 na 64 zinapogombana

MWENYE ofisi ya uchapaji katika kata ya Viwanja Sitini, mjini Ifakara, anaweza kufunga printa ya zamani kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, akajibiwa kwamba vifurushi vinapingana na kazi haiwezi kuendelea. Akilazimisha, huenda kesho yake akakuta skrini nyeusi, ilhali wateja wamekwisha kupanga foleni.

Kifurushi hapa si kile cha intaneti ya simu. Ni programu iliyofungwa pamoja na orodha ya vitu inavyovitegemea.

Chanzo cha ugomvi huo ni aina mbili za prosesa. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Opteron, zenye uwezo wa kuendesha programu za biti 64 na zile za zamani za biti 32. Hivyo kompyuta moja huweza kutumia zote, mradi kila programu ipate maktaba za aina yake, yaani mafaili ya msingi yanayotumiwa na programu nyingi.

Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011 na Debian 7 ya mwaka 2013 ziliruhusu maktaba za aina zote mbili kukaa pamoja, kwa sharti kwamba ziwe za toleo lile lile. Sharti hilo ndilo huvunjika, hasa mtu anapochukua maktaba mpya ya biti 64 kutoka hazina ya nje isiyokuwa na ile ya biti 32.

Hatua ya kwanza ni kuandika "dpkg --print-foreign-architectures". Ikiwa jibu halina "i386", andika "sudo dpkg --add-architecture i386", kisha "sudo apt update". Wengi husahau amri hiyo ya mwisho.

Pili, linganisha matoleo ya maktaba inayolalamikiwa, kwa mfano "apt policy libc6 libc6:i386". Yakitofautiana, umempata mchawi. Sasisha mfumo mzima, au ondoa hazina ya nje na kuirejesha maktaba kwenye toleo rasmi.

Tatu, kabla ya kufunga chochote, fanya jaribio kwa "apt -s install" ikifuatiwa na jina la kifurushi. Amri hiyo haibadilishi kitu. Soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona humo mazingira ya skrini unayofanyia kazi, simama hapo hapo.

Onyo hilo si la bure. Mwaka 2021, Linus Sebastian wa Canada alipofunga Steam, programu ya michezo inayotegemea maktaba za biti 32, kwenye mfumo wa Pop!_OS, alionywa, akakubali, na skrini yake yote ya kazi ikafutwa.

Aidha, njia ya biti 32 inazidi kuwa nyembamba. Tangu mwaka 2019 Ubuntu hubakiza vifurushi vichache tu vya aina hiyo, na Debian 13 ya mwaka 2025 haifungwi tena kwenye kompyuta za biti 32.

Kwa hiyo, kabla ya kununua printa iliyotumika, ni vema kuuliza kwanza kama programu yake ya biti 64 inapatikana.