Mmea wa Jedi: Huruma Isiwe Sababu ya Kuuua

Miongoni mwa mimea ya vyunguni ambayo mzazi aweza kuwarithisha wanawe, mmea wa jedi una nafasi ya pekee. Wataalamu huuita Crassula ovata; asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji, nao ukitunzwa vyema huishi miongo mingi. Ajabu ni kwamba mingi hufa kwa huruma ya wenye nyumba, si kwa kusahauliwa.

Majani yake manene ni ghala la maji, na vitundu vyake vya kupitishia hewa hufunguka usiku ili unyevu usipotee. Kwa hiyo kuunywesha kila siku ni israfu, tena ni kuiozesha mizizi. Tuchovye kidole udongoni. Ukiwa mkavu hadi ndani, ndipo tumwagilie mpaka maji yatokee tunduni mwa chungu, kisha tusubiri ukauke tena. Majani yakigeuka manjano na kulegea, tujue tumezidisha.

Mmea uliokomaa huwa mzito kichwani. Tuuweke katika chungu kipana cha udongo, chenye mchanga wa kutosha, karibu na dirisha lenye mwanga. Matawi marefu tuyakate juu kidogo ya pingili. Tawi lililokatwa lisitupwe: likae kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke, kisha lipandwe. Hivyo kila binti anayeolewa aweza kuondoka na mche wa kwao.

Wenye paka watahadhari, kwani majani haya humdhuru ayalaye.