Mchana wa Kitengela haumtoshi nyoka wa kizimbani

Kuna dhana iliyoota mizizi kwamba anayefuga nyoka Kajiado ana kazi nyepesi kuliko mwenzake wa London, kwa kuwa jua letu ni la bure. Dhana hiyo inasahau mwinuko wa nchi yenyewe. Kaunti ya Kajiado inaanzia bondeni Magadi, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, hadi vilele vya Ngong vinavyokaribia mita 2,500, na Kitengela imekaa katika tambarare za Athi na Kapiti kwenye mita 1,500 na ushei. Mchana wa Februari huweza kuchoma, lakini kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda kutwa na alfajiri hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Binadamu huongeza blanketi la pili. Nyoka hata ukimpa blanketi halimfai peke yake, maana blanketi humsaidia mwenye joto lake mwenyewe.

Tuliweke kwanza jambo la sheria mahali pake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na anayetoa kibali ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Chatu wamo pia katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kuvuka mipaka. Kwa hiyo ninaowalenga ni wenye kibali na wanaokiomba: bustani za nyoka, watafiti, vituo vya elimu, mfugaji wa chatu au wa yule nyoka mnene wa mchangani ambaye wafugaji wa ng'ambo humwita kwa jina la Kenya. Swila na kifutu hawana nafasi sebuleni mwa nyumba ya kupanga, na hilo halina mjadala.

Ninachodai ni kwamba kizimba humnyang'anya nyoka uwezo wa kuchagua, na kazi ya mfugaji ni kumrudishia. Nyoka hatengenezi joto la mwili kama sisi. Hulichukua kwenye jua, jiwe au udongo, na hujipoza kwa kuondoka hapo. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha utafiti wao kuhusu reptilia wa jangwani Marekani, wakaonyesha kwamba viumbe hawa, waliodhaniwa kupelekwa tu na hali ya hewa, hudhibiti joto lao kwa ustadi kwa kuhama kati ya jua na kivuli. Huko Afrika Kusini, Graham Alexander alifuatilia chatu majike wanaoatamia, na mwaka 2018 akachapisha aliyoyaona: jike huwa mweusi zaidi, huota jua hadi mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi shimoni kuyazungushia mayai joto alilolibeba. Ushahidi mwingine unatoka kwa mijusi. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza bakteria, wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Waliokaa penye joto la kiasi cha homa walinusurika kwa wingi kuliko waliowekwa kwenye joto la chini. Kiumbe wa jinsi hii akinyimwa mahali pa kuhamia, amenyimwa chakula na dawa kwa pamoja.

Atakayepinga atauliza: mbona kifutu wa Isinya hana taa wala hita, na anaishi? Anaishi kwa sababu ana ekari nzima ya kuchagua. Ana shimo la panya ambalo joto lake halibadiliki sana usiku kucha, jiwe lililohifadhi jua la alasiri, kichuguu, kivuli cha mgunga. Msimu wa baridi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na hakuna anayemlazimisha. Wa kizimbani hupewa panya Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, kisha stima inapotea usiku. Panya aliye tumboni mwa nyoka aliyepoa hameng'enywi. Huanza kuoza, na nyoka humtapika.

Ndiyo maana lengo si kufikia namba moja. Chatu anahitaji upande mmoja wa kizimba wenye nyuzi 31 hadi 33 na mwingine wenye 25 hadi 27, na maficho pande zote mbili, maana akikosa pa kujificha penye joto atachagua usalama na kubaki na baridi. Wafugaji wa kuku wa Kitengela wanalijua jambo hili vizuri: vifaranga wakisongamana chini ya taa ya bruda wana baridi, wakikimbilia ukingoni joto limezidi, wakitawanyika hali ni njema. Tofauti ni kwamba kifaranga hulia. Nyoka huugua kimya, na kwa hiyo vipimajoto viwili, kimoja kila upande, si anasa.

Unyevu na hewa vinaingia hapa, na hapa ndipo wengi wenye nia njema hukosea. Chukua hewa ya alfajiri ya Julai yenye nyuzi 12 na unyevu wa asilimia 90, wakati umande umelowesha nyasi. Iingize kizimbani, uipashe hadi nyuzi 30 bila kuongeza tone la maji. Unyevu wake utashuka hadi karibu asilimia 30, kwa sababu hewa ya moto ina nafasi ya mvuke mwingi zaidi, na mvuke uliokuwamo ni uleule. Chatu anataka asilimia 50 hadi 60, na zaidi anapokaribia kujivua ngozi. Basi mfugaji anaona ngozi ikitoka vipande vipande na utando wa jicho ukibaki umenata. Anaziba matundu ya hewa kwa nailoni, ananyunyiza maji asubuhi na jioni, kipimaunyevu kinapanda, naye anaridhika. Baada ya wiki chache matandazo yameota ukungu, magamba ya tumboni yana malengelenge, na nyoka anapumua mdomo wazi huku ute ukimtoka. Nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa kama binadamu, hivyo ute ukishajaa mapafuni hautoki kwa urahisi. Aliyeziba matundu alitibu ukavu kwa kuleta nimonia.

Njia iliyo sahihi ni kuongeza maji bila kupunguza hewa. Weka bakuli pana la maji upande wa joto, ambako hukauka upesi na kulisha hewa. Tandaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, mazito, yenye unyevu chini na makavu juu. Toboa matundu ya chini upande wa baridi na ya juu upande wa joto: hewa ya moto ikipanda na kutoka, huvuta hewa safi nyuma yake bila feni. Kwa nyoka wa mchangani mambo ni kinyume, maana hewa kavu ya Kajiado inamfaa na kumlowesha kama chatu ni kumwozesha. Wala ufundi wa pwani haunakiliwi hivi hivi. Kituo cha Bio-Ken, alichoanzisha James Ashe huko Watamu mwaka 1980, kiko kwenye hewa ya bahari iliyojaa mvuke na yenye usiku wa vuguvugu. Kizimba cha wavu mtupu kinaweza kufaa ufukweni. Kitengela kitapoteza joto na unyevu vyote viwili kabla ya usiku wa manane.

Gharama je? Kizimba cha mbao chenye mlango wa kioo hushika joto kuliko tangi la samaki, na seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza. Taa ya vifaranga ya agroveti inaweza kutumika, ila ikae nje ya wavu na iongozwe na themostati, kwa kuwa nyoka huweza kuing'ang'ania hadi akaungua. Stima ikipotea, chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa, na blanketi juu ya kizimba lisilofunika matundu, humvusha hadi asubuhi. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kamwe: hewa yake ya sumu huua nyoka na mwenye nyumba. Anayeona vyote hivi ni ghali mno, kibali asikiombe.

Kwa KWS nina ombi moja. Mwombaji wa Kajiado aonyeshe vipimo vya joto na unyevu vya wiki nzima ya Julai, vilivyosomwa alfajiri pande zote mbili za kizimba, kabla nyoka hajaingia humo. Kizimba kitupu kikishindwa hakimuumizi yeyote. Nawe uliye na nyoka na kibali chake, usimsubiri mkaguzi: amka saa kumi na moja alfajiri, soma vipimajoto kabla hujagusa chochote, na ukikuta upande wa joto uko chini ya nyuzi 28, usimlishe mpaka umerekebisha.