Somo la Redioni: Kusoma Maandishi ya Saksafoni Kuukuu za Kifaransa

Leo wekeni kitabu pembeni, lakini penseli na daftari ziwe karibu. Tutasoma maandishi yaliyochongwa juu ya shaba.

Wengi wenu mmesikia saksafoni ikipigwa katika dansi. Chombo hiki hutengenezwa kwa shaba ya manjano, lakini hulia kwa kijiti cha mwanzi, mfano wa zumari. Aliyekibuni ni Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyezaliwa katika mji wa Dinant mwaka 1814. Alihamia Paris, na huko akapewa hati ya mvumbuzi mwaka 1846. Basi Ufaransa ndiko saksafoni ilikokulia, na saksafoni kuukuu za Kifaransa hutafutwa sana na wapigaji. Matapeli nao wanajua hivyo.

Nina sababu ya kuchagua somo hili. Nilipokuwa chuoni nilipenda muziki kuliko chakula. Siku moja mfanyabiashara alinionyesha saksafoni iliyoandikwa Paris, na chini yake Breveté S.G.D.G. Akaniambia, "Huyu Breveté ni fundi mkubwa wa Ufaransa." Nikatoa akiba yangu ya miezi mingi. Fundi aliponisomea maandishi yale, alicheka mpaka akakaa chini. Breveté si mtu. Maana yake ni kwamba kitu kimepewa hati ya uvumbuzi, na herufi zile nne husema kwamba serikali haitoi dhamana yoyote juu ya ubora wake. Sheria ya Kifaransa ya mwaka 1844 ndiyo iliyoleta maneno hayo, na mwaka 1968 yakaondolewa. Kwa hiyo yanasaidia kidogo kukisia umri, lakini yalichongwa juu ya vitu vizuri na vibaya, hata juu ya taa na visu.

Hayo hayakuwa mabaya zaidi. Karibu na namba palikuwa na herufi mbili ndogo, H.P. Mimi niliziona nikazipita. Zamani nchi mbalimbali hazikulinganisha sauti za vyombo kwa kipimo kimoja, na bendi za Waingereza zilitumia kipimo cha juu hata katika miaka ya 1920. Chombo cha kipimo hicho ni kifupi kidogo, na hakikubaliani na piano wala gitaa za siku hizi hata ukikivuta namna gani. H.P. ndiyo alama yake. L.P. ni alama ya kipimo cha chini, kinachokaribiana na cha leo. Saksafoni yangu imetundikwa ukutani mpaka leo, nami sikupata tena hata senti moja ya fedha zile.

Haya, sasa tujifunze kusoma. Anza na jina lililo kwenye domo pana la chombo. Someni nami: Selmer. Buffet-Crampon. Couesnon. Dolnet. S.M.L. Hao wote walikuwa watengenezaji wa Ufaransa. Buffet-Crampon walianza saksafoni tangu mwaka 1866, na Selmer mwaka 1922. Herufi S.M.L. ni majina ya watu watatu, Strasser, Marigaux na Lemaire. Lakini jina la kwenye domo si jina la mtengenezaji kila mara. Couesnon na Dolnet walitengeneza saksafoni nyingi zilizochongwa jina la mwenye duka. Hata Adolphe Sax mwenyewe alifariki mwaka 1894, na jina lake likaendelea kuchongwa miaka mingi baadaye. Na neno Selmer peke yake halitoshi: tafuta Henri Selmer Paris. Saksafoni zilizoandikwa Bundy zilitoka kwa kampuni ya Selmer ya Marekani. Zilikuwa vyombo vya wanafunzi, wala bei yake haikaribii ile ya Paris.

Sasa namba. Geuza chombo utazame mgongoni, chini ya mahali panapokaa kidole gumba cha kulia. Kwa Selmer namba hizi zinafahamika vizuri. Namba ya 55,000 na kidogo ni ya mwaka 1954, ulipoanza mtindo wa Mark VI. (Hizo V na I ni namba ya Kirumi, yaani sita.) Mwaka 1960 namba zilikuwa zimepita 85,000. Saksafoni za alto na tena za mtindo huo zilitengenezwa mpaka kati ya miaka ya 1970. Usishindane na mtu kwa mwaka mmoja, maana orodha za namba ni za kukadiria. Kwa watengenezaji wengine orodha ni dhaifu zaidi, basi umbo ndilo husaidia. Selmer walipotoa mtindo wa Balanced Action mwaka 1936, walihamisha vifuniko vya noti za chini kwenye domo vikawa upande wa kulia. Chombo chenye vifuniko hivyo upande wa kushoto kwa kawaida hufuata mtindo wa zamani zaidi, ingawa wengine walichelewa kubadili.

Umri si ubora, lakini. Chukua taa ndogo, iingize ndani ya chombo gizani, kisha funga vifuniko polepole. Mwanga ukipenya, hewa nayo itapenya. Usiogope sana, maana ngozi za vifuniko hubadilishwa na fundi. Ogopa shingo. Iangalie kwa ubavu: kama imeinama na chini ya pindo lake pana mkunjo, mtu aliikandamiza, na sauti huharibika. Katika Selmer nyingi za zamani shingo nayo ina namba. Ikiwa haifanani na namba ya mwilini, hiyo ni shingo ya chombo kingine, na bei lazima ishuke.

Tena, usivutwe na mng'aro. Pitisha kidole juu ya nakshi. Nakshi ya asili ina makali. Ikiwa imelainika kama sabuni iliyotumika, chombo kilisuguliwa na kupakwa upya, na shaba fulani imeondoka pamoja na uchafu. Mimi ningechukua iliyofubaa yenye shingo nzima kuliko inayong'aa kama sufuria mpya. Na ningemwuliza mwuzaji wa S.M.L. au Buffet kabla ya kulipia jina la Selmer, maana kazi yao ni nzuri na bei yao kwa kawaida ni ya chini.

Ikiwa marehemu baba aliacha saksafoni darini, usiiuze kwa mizani kama chuma chakavu kabla ya kumwita mtu anayesoma akusomee kila herufi iliyo juu yake.

Zoezi la kufanya nyumbani. Mtu anauza saksafoni iliyoandikwa Henri Selmer Paris. Namba yake ni 71,400. Anasema ni ya mwaka 1948. Je, anasema kweli? Andikeni jibu na sababu yake katika daftari, mistari mitatu. Tutasahihisha pamoja katika somo lijalo.